Mwano wa Masomo ya Masunga

Alhamisi, mwezi wa nane, 1956. Vumbi tangu alfajiri. Koo limekauka, moyo umeshiba.

Mimi Kulwa nina miaka sitini na mitano, au zaidi kidogo. Mama alisema nilikuwa natambaa mwaka ule sotoka ilipomaliza ng'ombe wa nchi nzima, kwa hiyo mwenye hesabu na ahesabu. Tangu wakati huo vimepita vingi na mimi nimebaki. Mjerumani alikuja na kiboko chake akaondoka, nipo. Vita viwili vya Wazungu, nipo. Nzige walikula mpaka nyasi za paa, nipo. Nimezika watemi wawili, nimemzika pacha wangu Doto, na nimewazika karibu wote waliosema Kulwa ana maneno mengi, hatafika uzee.

Kilichoniacha ni sauti tu, nayo ni kwa leo. Nikimwita mke wangu Ngolo inatoka hewa kama mivukuto ya mhunzi iliyotoboka. Amecheka asubuhi nzima. Anasema Mungu amemhurumia.

Ndiyo maana nimekaa kwenye kivuli cha kihenge na penseli. Herufi nilijifunza uzeeni kwa katekista, kwenye darasa la watu wazima, na ninaandika kubwakubwa ili hata mwenye macho mabaya asome. Katekista alisema mwandiko wangu unafanana na ng'ombe wanaotoka zizini. Nilimjibu, angalau wanatoka.

Ninaandika jambo la jana kabla midomo ya watu haijaliharibu. Na imekwisha kuanza.

Masunga ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Nkwabi anayechimba dhahabu Geita. Amemaliza shule kubwa ya Tabora. Katika Kishapu yetu hii, nchi ya pamba na mifugo, vijana waliofika huko ni wachache, na huyu anatoka nyumba yangu, jambo ambalo halikunishangaza. Mwaka huu hazina ya mtemi ina nafasi moja ya kumpeleka kijana chuo kikuu, kwanza Uganda, halafu ng'ambo. Nafasi ikamwangukia yeye. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa akasome nini.

Masunga anataka kusomea habari.

Simaanishi kusoma gazeti, gazeti hata mimi nasoma, polepole. Anataka kusomea kazi yenyewe ya kufikisha habari kwa watu wengi kwa pamoja: gazeti, redio, picha za sinema, vyote, mpaka apate digrii. Nikamwuliza digrii ni kitu gani. Akasema ni karatasi inayothibitisha kwamba umeiva. Nikamwambia mimi niliiva juani bila karatasi.

Kwa maana kazi hiyo si ngeni nyumbani kwangu. Nilikuwa mpiga mbiu wa mtemi tangu kabla Nkwabi hajazaliwa. Ngoma ya mbiu ililala chumbani kwangu. Habari ya kodi, ya mbegu za pamba, ya mnada, ya mtoto aliyepotea, zote zilipita kooni humu. Nikipaza sauti hapa, ng'ombe wa Mhunze wanainua vichwa. Sijisifu. Ng'ombe hawajui kumpendelea mtu.

Lakini sauti si kitu peke yake. Mbiu ina adabu yake. Ukishasema, hupiti. Unakaa chini. Unapewa maji. Watu wanakuuliza, hata la kipumbavu, nawe unajibu hata la kipumbavu. Halafu mmoja wao, na ni bora awe yule mzito wa kuelewa, anakurudishia habari yote kwa mdomo wake. Akikosea unaanza upya. Akipatia unabeba ngoma yako. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na ndiyo maana nilikuwa nafika nyumbani nimechoka.

Mwezi uliopita, kila jioni, tulikaa mimi na Masunga tukapanga masomo yake. Yeye alianza na lugha na historia, kisha uandishi wa gazeti, kisha utangazaji. Mimi nikasema mwaka wa kwanza wote watembezwe kwa miguu kijiji kwa kijiji wabebe habari moja tu, na atakayerudi nayo nzima ndiye apande darasa. Akacheka. Akaniita babu kwa Kisukuma, akasema, "Guku, chuo kitabaki na mwanafunzi mmoja." Nikamwambia huyo mmoja anatosha, atoke kwetu.

Tuligombana juu ya redio. Ipo moja ya betri kwenye duka la Mwarabu sokoni, na watu wanakwenda kuitazama kana kwamba ina uso. Nilikwenda. Mtu akasema ndani yake kuhusu bei ya pamba, nikamwuliza pamba ya daraja gani. Akaendelea kusema. Nikamwuliza tena. Mwarabu akaniambia mzee, redio haiulizwi. Nikarudi nyumbani nikamwambia Masunga, kitu chako hakina adabu. Hakubisha. Alisema hiyo ndiyo sababu anataka kwenda.

Jibu hilo lilinipendeza sana, ingawa sikumwambia.

Basi wiki iliyopita baraza la wazee likakaa. Mwenye sauti pale ni Maduhu. Huyu ni rika langu na mtani wangu tangu tulipokuwa tunachunga ndama pamoja, mtu mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo. Akasema nchi hii ni ya ng'ombe, kijana akasome udaktari wa ng'ombe. Kusomea maneno, akasema, ni kusomea upepo. Maneno kila mtu anayo mdomoni bure. Kama kijana hataki, nafasi apewe mwingine. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikasimama kujibu, na Maduhu akaniambia mbele ya watu, "Kaa chini, Kulwa. Ngoma ulishanyang'anywa."

Wakacheka. Baraza likafungwa. Mtemi angepita Jumatano akienda bomani Shinyanga, na jibu la wazee angekwenda nalo.

Masunga hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake alikuja akasema, basi Guku, nitasomea ng'ombe, nafasi isipotee. Ana gazeti moja analokwenda nalo kila mahali, limekunjwa mpaka limekuwa laini kama kitambaa. Akampa bibi yake awashie moto. Ngolo alilipokea. Sikumwona akiliwasha.

Sasa lazima niseme habari ya ng'ombe wangu, maana bila hiyo utadhani nilifanya ukichaa.

Ni kweli ngoma nilinyang'anywa. Walisema nimezeeka. Akapewa kijana mwenye baiskeli na bomba la bati la kupazia sauti. Haukupita mwaka, akapita hapa asubuhi moja, hata kushuka hakushuka, akipiga kelele kwamba Jumamosi ng'ombe wote wapelekwe Mhunze, serikali inawataka. Akapita. Nusu nyingine ya habari ilibaki kwenye baiskeli: kwamba daktari wa ng'ombe amefika na dawa ya chanjo, na kila mtu atarudi na ng'ombe wake. Hakuna aliyemwuliza. Huwezi kumwuliza mtu anayekwenda.

Watu wakaichukua ile nusu wakaimalizia wenyewe. Serikali inawataka, maana yake inawachukua. Usiku ule zizi baada ya zizi likafunguliwa. Nkwabi akakusanya ng'ombe wetu na wa majirani, na sehemu ya wale wa Maduhu, akawaswaga magharibi, akapita Kahama, akaingia nao misitu ya Runzewe kuwaficha. Huko kuna mbung'o. Kila mtoto wa Kisumbwa wa huko anajua kwamba ng'ombe haingii pale akatoka. Nkwabi hakujua.

Alirudi na fimbo, na jike mmoja mwenye mabaka.

Sikumlaumu, na wala simlaumu leo. Lakini hakuweza kunitazama. Alikaa siku chache akaondoka kwenda Geita kwenye mashimo ya dhahabu, na tangu hapo hajalala katika boma hili. Salamu hutuma. Ngolo huziweka salamu hizo kifuani kama hirizi, halafu anauliza, amesema atakuja? Hajasema.

Kwa hiyo Maduhu aliposema maneno ni upepo, mimi nilijua upepo huo uzito wake.

Nilifikiri siku mbili. Mtemi anaweza kulitengua neno la wazee, lakini hawezi kufanya hivyo ndani ya gari lake; lazima awe mbele ya watu. Kwa hiyo nilihitaji watu. Ngoma sina. Nikiwaita kwenye pombe watakuja walevi, Maduhu hatakuja. Nikiita ngoma ya kucheza watakuja vijana, Maduhu hatakuja. Nikabaki na kitu kimoja tu ambacho mwanamume wa Kisukuma hawezi kukikataa hata kama anamchukia aliyekitoa.

Mwano.

Mwano ni yowe la hatari, la mwizi wa ng'ombe au simba. Likitoka kwenye boma moja, la pili linalidaka, la tatu linalidaka, na kila mwanamume mwenye miguu anachukua upinde au rungu anakimbilia lilikotoka. Asiyekuja anatozwa faini. Na anayepiga mwano bila hatari naye anatozwa faini: fahali mmoja, anachinjwa palepale, analiwa na waliokimbia.

Hiyo nusu kila mtu anaikumbuka. Nusu ya pili wameisahau, kwa kuwa ni muda mrefu hakuna mjinga aliyeijaribu: ukishakula nyama ya faini, husimami mpaka mlipaji amalize kusema kilichomtuma kupiga yowe. Baba yangu alinifundisha. Mimi sisahau nusu za vitu.

Jana asubuhi nikamfunga fahali wangu mweusi kwenye kivuli, karibu na mlango. Ngolo akatoka na kata ya maji, akamtazama fahali, akanitazama mimi.

"Baba Nkwabi, huyo unamfunga kwa nini?"

Nikamweleza. Fahali huyu ni mjukuu wa lile jike lenye mabaka, ndiye aliyekuwa aturudishie zizi. Anayejua hilo kuliko watu wote ni Ngolo, aliyemlisha kwa mkono baada ya mama yake kufa. Nilimngoja anikataze. Badala yake akasema, kama ni kwa ajili ya Masunga, basi nisimwache na kiu mpaka mchana, na akamsogezea maji.

Nilipoona vumbi la gari la mtemi kule bondeni, nilipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba na nikapiga mwano.

Naandika bila kuongeza: sijawahi kutoa sauti kama ile hata ujanani. Ilianzia kwenye nyayo. Kuku walikimbilia chini ya vihenge. Boma la jirani likadaka, na la mbele yake, na lile la ng'ambo ya bonde, mpaka nchi ikawa inalia yenyewe. Nikapiga tena ili nijiridhishe. Hapo ndipo koo lilipopasuka, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

Walikuja. Walitoka mashambani na pamba kwenye nywele. Vijana mbele na pinde, wazee nyuma na mikuki ya baba zao. Maduhu alifika mapema kuliko nilivyotarajia, na kiatu kimoja, rungu mkononi, anahema kama punda wa kinu.

"Wamekwenda upande gani?" akaniuliza.

"Nani?"

"Wezi, Kulwa. Wezi."

"Hakuna wezi. Kaa upumue."

Alinitazama. Watu wakaanza kunguruma. Kijana mmoja akasema nichapwe, mwingine akasema nimeshikwa na wazimu wa uzee. Maduhu akawanyamazisha kwa rungu, akaniambia kwa sauti ya baraza kwamba mzee mzima hachezei mwano, na kwamba najua faini yake. Nikamwomba aitaje watu wote wasikie. Akasema ni fahali. Nikamwonyesha kwa kidole.

Wote wakageuka. Fahali alikuwa kivulini, amefungwa vizuri, maji mbele yake, anacheua.

Kisha mtu akacheka nyuma, akafuatwa na mwingine. Mtemi alikuwa ameshasimamisha gari, kwa sababu hakuna mtemi anayepita kwenye mwano, na nilimwona ameziba mdomo kwa mkono.

Wakachinja. Ngolo aliingia ndani wakati wa kuchinja na sikumfuata. Moto ukawashwa, nyama ikachomwa, na mimi mwenyewe nikampelekea Maduhu paja. Nikasimama pale mpaka nikamwona amemeza. Ndipo nikasema kwa sauti iliyobaki kwamba sasa hakuna anayesimama, maana mlipaji hajasema.

Akabisha. Akasema desturi hiyo nimeitunga. Mtemi, ambaye naye alikuwa na mfupa mkononi, akasema si ya kutungwa, babu yake aliitumia. Maduhu akakaa.

Sikusema maneno mengi, koo halikuruhusu. Niliwakumbusha mwaka wa baiskeli. Sikuhitaji kueleza, wengi waliokuwa pale walikuwa na zizi tupu mwaka ule. Nikawauliza swali moja.

"Mwaka ule daktari alikuwepo. Dawa ilikuwepo. Ng'ombe walikuwepo. Nini kilikosekana?"

Walikuwa wanatazama nyama. Nikasema, mnataka mjukuu wangu awe daktari wa pili, asimame Mhunze na sindano yake akisubiri ng'ombe walioko Runzewe.

Maduhu si mjinga, hata kama nasema hivyo tukinywa pombe. Akauliza swali zuri. Akasema haya, tumsomeshe kijana kwa fedha ya nchi, arudi na digrii yake. Nani atatuhakikishia kwamba naye hatapita kwa baiskeli?

Nilikuwa na jibu, tena refu. Lakini mtemi akasema aulizwe mwenyewe. Masunga akasimama kati ya watu. Ana sauti ndogo, hilo amelitoa kwa mama yake, na watu walilazimika kuacha kutafuna ili wamsikie.

"Redio nayo inapita, wazee wangu. Hata ng'ambo inapita. Nataka kwenda kujifunza namna ya kuifanya isimame."

Akaeleza. Kwamba ziko nchi ambako wasikilizaji huandika barua wakauliza, na wiki inayofuata wanajibiwa kwa majina yao. Kwamba habari ya ng'ombe inaweza kusemwa kwa Kisukuma pia, si Kiswahili tu, ikarudiwa asubuhi na jioni. Kwamba asiyejua kusoma anaweza kumtuma mwenzake aulize. Alisema kama mtu anayejua anakokwenda. Nilitazama huku na huku nione kama watu wanajua ni mjukuu wa nani.

Wengine walikwisha kulainika. Maduhu bado. Alifuta mafuta mdomoni akasema maneno mazuri ni mazuri, lakini sisi hatuna haja ya shule ya kusimuliana. Tazameni, akasema, Kulwa kapiga yowe asubuhi, hana digrii, na nchi nzima imefika. Habari ikitoka kwa Msukuma inafika ilivyo.

Ni hapo tulipoanza kusikia kilio.

Kilikuwa kinatoka njia ya mashariki, kilio cha wanawake wengi, kile cha mikono kichwani. Wakatokeza kwenye mashamba, wamebeba unga na kuni, na mbele yao mpwa wangu Kabula, binti wa dada yangu, nguo imefungwa kiunoni kwa msiba. Walikuwa wanamlilia mtu kwa jina. Jina lilikuwa langu.

Watu walikuwa wamenizunguka, kwa hiyo hawakuniona. Baadaye walitueleza. Kwao walisikia mwano umetoka kwa Kulwa, lakini hawakuona mwizi akikimbizwa. Wakaona moshi mkubwa. Mpita njia akawaambia fahali amechinjwa pale na gari la mtemi limesimama mlangoni. Basi, mzee, umati, fahali, mtemi. Wakamalizia wenyewe. Na walipopita boma la mbele wakaambiwa nilikufa alfajiri, na boma la mbele zaidi wakaambiwa kaburi limeshachimbwa.

Kabula alikuwa anataja sifa zangu. Alitaja sauti, alitaja ngoma, alitaja miguu iliyozunguka nchi. Nilingoja kidogo kabla ya kujitokeza. Alikuwa anasema kweli tupu na sikuona sababu ya kumkatiza.

Halafu nikasimama.

Mzigo mmoja wa unga ulimwagika wote. Kabula alinitazama, akaja, akanipiga kifuani kwa ngumi mbili, akaniambia mjomba, siku utakayokufa kweli silii tena. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Waliokuwa wanalia nao wakacheka na machozi yao, wakapewa nyama.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa namtazama Maduhu. Alikuwa ameshika ule mfupa, anautazama unga uliomwagika. Nafikiri alikuwa anawaona ng'ombe wake kule msituni, maana mimi niliwaona.

Mwishowe akamgeukia mtemi.

"Mtemi, mpe kijana nafasi akasomee hayo maneno yake. Na aende upesi, kabla hawajafika waombolezaji wa Kahama."

Mtemi akasema imekuwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Akasema hakuna kuondoka kabla neno halijarudishwa. Akamchagua mtu mzito wa kuelewa, sitamtaja, akamtaka arudie: Masunga anakwenda chuo kikuu, anasomea habari, baraza limekubali, na Kulwa hajafa. Alikosea mara ya kwanza. Alianza upya. Alipopatia, gari likaondoka.

Ngolo akatoka ndani akampa Masunga gazeti lake. Alikuwa amefunikia kibuyu cha maziwa. Lina duara la mafuta katikati, lakini linasomeka.

Leo asubuhi amekuja mtu mwingine kwa baiskeli, kutoka mbali, kutoa rambirambi. Alishuka, nikamsifu kwa hilo. Nikajaribu kumwambia ni mimi, ikatoka hewa tu, akazidi kuogopa. Ngolo ndiye aliyemweleza.

Hapo tukatazamana mimi na mke wangu, maana sote tulifikiri jambo moja. Habari hii ikifika Geita?

Ngolo alisema polepole, akichambua mchele, kwamba Nkwabi akisikia nimekufa atakuja siku hiyohiyo. Hataweza kutokuja. Atalala hapa. Kisha ataniona mzima, na yote yatakuwa yamekwisha. Akasema labda Mungu ameileta habari hiyo kwa njia yake, tuiache itembee.

Nakiri nilitamani. Nilitazama njia ya magharibi nikamwona mwanangu anakuja.

Lakini nikakataa. Nusu ya habari ndiyo iliyomfukuza hapa. Haitakuwa hiyohiyo itakayomrudisha.

Kwa hiyo nimemtuma Masunga. Ameondoka na lori la pamba kabla jua halijawa kali, aipite ile habari nyingine njiani. Nilimwandikia kwenye udongo kwa fimbo, kwa kuwa sauti sina: usipite. Akifika mashimoni ashuke, akae, anywe maji, amwambie baba yake yote, nzima, kwamba niko hai, kwamba yeye anakwenda chuo, kwamba fahali ameliwa na sina kinyongo wala sikuwahi kuwa nacho. Halafu angoje. Baba yake aulize anachotaka kuuliza, hata kama ni kwa siku nzima, na arudishe habari yote kwa mdomo wake mwenyewe.

Hilo ndilo somo lake la kwanza. Uganda na ng'ambo watamfundisha yaliyobaki.

Anayesoma haya na kuniona mwongo aende kwa Maduhu. Atatukana kwanza, halafu atasema ni kweli, na alikula paja. Amwulize Kabula aliyenililia. Amwulize mtemi, kama ana namna ya kumfikia. Ngozi ya fahali imewambwa hapa uani, bado mbichi. Na shahidi mkubwa bado yuko njiani: Nkwabi. Siku atakapokanyaga boma hili, mwulizeni yeye, Masunga alimwambia nini kule Geita. Nkwabi akianza kwa kusema, baba yangu yuko hai, mjue kijana ameiva.